Modeli ya maamuzi ikijibu vibaya: anzia wapi?

Sheha amemleta bibi kaunta kuomba pensheni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea. Karani ameingiza taarifa zote, na kioo cha kompyuta kinasema "Hastahiki", ilhali mtaa mzima unajua bibi huyo ameshapita miaka 70. Karani anakupigia simu: "Mfumo wenu mbovu." Unafungua jedwali la maamuzi, yaani ile sehemu ya modeli yenye mistari ya masharti na majibu ambayo kompyuta huifuata kuamua, unalisoma mstari kwa mstari, na halina kasoro.

Hapo wengi huanza kuligusa jedwali hivyo hivyo, wakaongeza mstari wa "kumsaidia" bibi, na wiki ijayo mstari huo unampa pensheni mtu wa miaka 58. Kwa miaka niliyofanya kazi ya kugeuza kanuni za huduma za umma kuwa majedwali, mara nyingi kosa nimelikuta mlangoni na si ndani ya nyumba: tarehe iliyoingia vibaya, sehemu iliyoachwa wazi, au toleo linalojibu kumbe si lile unalolitazama.

Kwa hiyo usiguse kitu kabla hujapata vitu vitatu: ombi lenyewe kama lilivyoifikia seva (si karani anavyokumbuka aliloandika), namba ya toleo la modeli lililojibu, na saa ya seva wakati inajibu. Kama mfumo wenu haurekodi hivi vitatu, basi tatizo lenu la kwanza ni hilo, la bibi ni la pili.

Mifano yangu ni ya DMN, kiwango cha kuandikia modeli za maamuzi cha shirika la OMG kilichotoka mwaka 2015, pamoja na FEEL, lugha yake ya kuandikia masharti. Ukitumia kitu kingine, dalili zitabaki hizi hizi.

Dalili: jibu linarudi tupu, au kila mtu "hastahiki"

Kwenye FEEL, kitu kisichokuwepo huitwa `null`. Ukiuliza kama `null` ni kubwa kuliko 70, hupati "hapana", unapata `null` nyingine. Mstari wa jedwali haukubali, unaofuata nao haukubali, jedwali linaisha bila mstari kukubali, na jibu linatoka tupu. Kisha kijana aliyetengeneza kioo, kwa nia njema kabisa, ameandika kwamba kama jibu si "ndiyo" basi onyesha "Hastahiki". Mashine imesema "sijui", mwananchi ameambiwa "hapana".

Rekebisha kioo leo, hata kabla ya kupata chanzo. Kioo kiwe na majibu matatu: anastahiki, hastahiki, haijaamuliwa. Hilo la tatu limpeleke karani kwa mtu, lisimrudishe mzee nyumbani.

Ukishafanya hivyo, tafuta nini kilichofika tupu. Mahali pa kwanza pa kutazama ni jina la sehemu. Modeli inasubiri `Tarehe ya Kuzaliwa`, fomu inatuma `tarehe_ya_kuzaliwa`. FEEL inaruhusu majina yenye nafasi katikati, jambo zuri kwa msomaji na baya kwa anayenakili kutoka Word, maana huja na nafasi ya aina nyingine isiyotofautika kwa macho. Futa jina, liandike upya kwa mkono. Nimeshuhudia nusu siku ikipotea kwa herufi moja isiyoonekana.

Pa pili ni maneno. Kanuni inasema mwombaji "anapokea pensheni nyingine: Ndiyo/Hapana". Fomu ya simu inatuma "Ndio". Kwetu sisi ni kitu kimoja, kwa injini, yaani programu inayoendesha modeli, ni maneno mawili tofauti kama mbuzi na ng'ombe. Majina ya wilaya nayo ni yale yale: kwenye orodha moja ni Kaskazini A, kwenye nyingine ni Kaskazini 'A' yenye alama za kunukuu. Dawa si kuongeza mstari kwa kila tahajia. Ndiyo na hapana vitumwe kama `true` na `false`, wilaya ziwe msimbo, na kwenye modeli tangaza orodha ya thamani zinazoruhusiwa ili thamani ngeni ipige kelele badala ya kupita kimya.

Pa tatu: tarehe iliyofika kama maandishi. "1954-03-11" ndani ya alama za kunukuu ni maneno tu mpaka mtu aigeuze kuwa tarehe. Injini nyingine huigeuza yenyewe iwapo umetangaza aina ya ingizo kuwa tarehe, nyingine hazifanyi hivyo. Tangaza aina daima, na ndani ya modeli tumia `date(...)` kama huna hakika.

Kama maingizo yote yamefika vizuri na jibu bado tupu, ndipo sasa ulishuku jedwali: lina mwanya. Chukua kodi ya mshahara Tanzania Bara kwa viwango vilivyoanza 1 Julai 2021. Mpaka 270,000 kwa mwezi hakuna kodi. Juu ya hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Kisha 20,000 na asilimia 20 ya ziada mpaka 760,000. Kisha 68,000 na asilimia 25 mpaka milioni. Juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30. Karatasi nyingi za mahesabu huandika madaraja haya kama "270,001 hadi 520,000" na "520,001 hadi 760,000". Mtu akinakili hivyo kwenye jedwali, linapendeza kabisa.

Sasa mlete mfanyakazi wa mshahara wa 577,778. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, nao hutolewa kabla ya kodi. Kinachobaki ni 520,000.20. Tafuta mstari wake. Si 520,000 kushuka, si 520,001 kupanda. Ameangukia kwenye ufa wa shilingi moja, na jibu lake ni tupu. Andika mipaka kwa maana ya "inazidi A lakini haizidi B", na FEEL ina alama za hilo:

`(270000..520000]`
`(520000..760000]`

Mabano ya mviringo hayajumuishi mpaka, ya mraba yanaujumuisha. Mfanyakazi wetu atakatwa 20,000.04 na maisha yataendelea.

Dalili: injini inalalamika kwamba mistari miwili imekubali

Hili ni ndugu wa mwanya. Badala ya ufa, umepishanisha: mstari mmoja unaishia `520000]` na unaofuata unaanzia `[520000`. Jedwali lenye herufi U pembeni, ambayo ndiyo ya kawaida usipochagua nyingine, linataka mstari mmoja tu ukubali. Ikikubali miwili ni kosa, hata kama yote inatoa jibu moja. Na kwenye kodi hii yanatoa jibu moja kweli: ukiwa na 520,000 kamili, mstari wa chini unasema 20,000 na wa juu unasema 20,000. Anayepiga hesabu kwa kalamu hataona tatizo lolote.

Kuna kishawishi cha kubadilisha U iwe F, yaani "chukua wa kwanza unaokubali". Kelele zinanyamaza papo hapo. Mimi siipendi F kwenye kanuni za umma. Jedwali la U unaweza kulisoma mstari wowote peke yake na ukajua unasema nini. La F kila mstari unategemea yote iliyo juu yake, na siku mtu atakapolipanga upya kwa alfabeti ili "lipendeze", majibu yatabadilika bila neno kubadilika. Kama mistari inapishana makusudi na majibu ni yale yale, A ndiyo inayofaa: itaruhusu mistari miwili ikubaliane na italalamika ikipingana.

Dalili: umri haueleweki, au jibu la jana si la leo

Hapa ndipo nimepoteza usingizi mwingi zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kiliongezwa baadaye. Sharti la umri linaonekana rahisi kuliko yote. Kwenye FEEL kuna njia mbili za kuliandika ambazo mtu angeapa ni moja:

`years and months duration(kuzaliwa, maombi).years >= 70`

`kuzaliwa + duration("P70Y") <= maombi`

Ipe kila njia mzee aliyezaliwa 29 Februari 1956, anayeomba tarehe 28 Februari 2026. Kwenye injini zilizojengwa kwa Java, ya kwanza inasema ana miaka 69 na miezi 11. Ya pili inaongeza miaka 70, inaikuta 29 Februari haipo mwaka 2026, inarudi nyuma hadi 28, na inasema ametimiza. Siku moja, majibu mawili. Hakuna injini iliyokosea. Kanuni ndiyo iliyonyamaza, na anayetakiwa kuisemea ni ofisa wa sheria, si wewe saa 5 usiku. Muulize kwa maandishi, weka jibu lake kama jaribio, endelea.

Halafu kuna wazee wanaojua mwaka tu. Karani alilazimika kujaza siku na mwezi, akaandika 01/01. Ukichora orodha ya siku za kuzaliwa utaona mnara umesimama tarehe 1 Januari. Modeli haina kosa, ila usishangae foleni ya kila Januari, wala usiruhusu mtu akuambie kwamba ni udanganyifu. Kama kanuni ina namna ya kushughulikia tarehe ya kukadiriwa, tuma alama yake kama ingizo la pekee.

Usiweke `today()`, inayosoma tarehe ya leo, ndani ya modeli. Nasema hivi kwa uchungu. Jaribio linalosema "aliyezaliwa tarehe hii hastahiki" litakuwa la kijani Ijumaa na jekundu Jumatatu, na hakuna aliyegusa kitu: mtu wa mfano amefikisha umri mwishoni mwa wiki. Tena, ukitaka kurudia uamuzi wa mwaka juzi kwa sababu kuna rufaa, utashindwa, maana modeli inajua leo tu. Tarehe ya uamuzi iingie kutoka nje kama ingizo lingine lolote.

Na ikiingia, iwe tarehe ya hapa. Seva nyingi zimewekwa saa za UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiendesha mishahara usiku wa kuamkia 1 Julai, saa 7 usiku, seva bado inasoma 30 Juni saa 4 usiku. Kwetu mwaka wa fedha umeshageuka, kwake haujageuka. Mwaka 2021 tofauti hiyo ilikuwa na bei: kabla ya Julai daraja la kwanza lilikuwa asilimia 9, kwa hiyo mwenye 520,000 angekatwa 22,500 badala ya 20,000. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: kazi iliyoendeshwa saa 10 alfajiri inatoa majibu sahihi, ya saa 7 usiku inakosea, kwa modeli ile ile.

Ofisi moja niliyoifanyia kazi iliandika kwenye maelekezo "kazi ianze saa 7 usiku". Aliyeweka ratiba alizoea saa ya simu yake, akaandika 07:00. Kazi nzito ikaanza asubuhi makarani wakiwa ndio wanafungua madirisha, mfumo ukalala, na siku nzima tukatafuta kosa kwenye modeli. Tangu hapo maelekezo yangu yote huandika 01:00 na "saa 7 usiku" pembeni yake.

Viwango navyo vina tarehe. Usifute mstari wa asilimia 9 kwa sababu umekuja wa 8. Ongeza safu ya "kuanzia" na "mpaka", au tunza toleo zima la kila kipindi, ili anayerudia hesabu ya Juni 2021 leo apate 22,500. OpenFisca, programu huria iliyoanzia Ufaransa kwa ajili ya kodi na mafao, huhifadhi kila kiwango pamoja na tarehe kilipoanza kutumika. Hata kama huitumii, tabia hiyo iige.

Dalili: umepandisha toleo jipya, jibu bado la zamani

Tuma ombi lile lile mara kumi. Majibu yakipishana, sita mapya na manne ya zamani, una seva mbili au zaidi nyuma ya mlango mmoja na mojawapo haikupata faili jipya. Yakiwa yote ya zamani, ama injini imeshikilia nakala kwenye kumbukumbu yake mpaka izimwe na kuwashwa, ama umepandisha kwenye mazingira ya majaribio ukidhani ni yale halisi. Usicheke, hii ya mwisho ndiyo inayotokea sana.

Kinachokuokoa ni modeli kujitaja. Weka namba ya toleo itoke pamoja na kila jibu. Mistari miwili ya kazi, na ubishi wa simu unaisha.

Kinyume chake pia hutokea: mwombaji aliyeanza Juni anaamuliwa kwa kanuni za Julai. Kwenye Camunda, mojawapo ya programu zinazoendesha modeli hizi, mtiririko wa kazi huita toleo la mwisho la uamuzi usipobainisha lingine. Kwa baadhi ya kanuni hilo ni sahihi, kwa nyingine ni kumdhulumu mtu. Amua, kisha andika wazi ni toleo lipi.

Faili likikataliwa kabisa kupanda, lifungue kwa kihariri cha maandishi na utazame mistari ya juu. Anwani yenye 20151101 ni DMN 1.1, 20180521 ni 1.2, 20191111 ni 1.3. Chombo ulichochorea kinaweza kuwa kimeitangulia injini yako. Na kama ni faili mbili zinazogombana, angalia kama zote zina jina moja na anwani moja ndani. Mtu alinakili faili akabadilisha jina la nje tu.

Dalili: tofauti ya senti na karatasi ya Excel

Mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii nchini Kenya, ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye 15,430 anatoka na 424.325. Excel itaipandisha kuwa 424.33. `decimal(424.325, 2)` ya FEEL itakupa 424.32, kwa sababu ikifika katikati kabisa huegemea tarakimu shufwa. Hakuna kosa la programu hapo. Matoleo mapya ya DMN yana `round half up`, inayopandisha nusu kama Excel, itumie kama kanuni inataka hivyo, na kadirisha mara moja tu, mwishoni. Ukikadirisha kila hatua, senti zitakuwa shilingi kwenye orodha ya watumishi elfu. Jaribu pia mwenye 10,000: asilimia yake ni 275, na jibu lazima liwe 300.

Dalili: majaribio yote kijani, malalamiko hayaishi

Uliza nani aliandika majaribio na alitazama nini akiandika. Kama alilifungua jedwali akalitungia mifano, amethibitisha kwamba jedwali linafanana na jedwali. Majaribio yatoke kwenye maneno ya sheria, yaandikwe na mtu ambaye hajaliona jedwali, ikiwezekana karani mkongwe mwenye mafaili yaliyokwama. Kila mpaka uwe na mifano mitatu: siku moja kabla, siku yenyewe, siku moja baadaye. Kisha mifano ya sehemu moja moja ikiwa tupu, maana ndivyo fomu zinavyofika kutoka shamba.

Na kuna ugonjwa ambao jaribio la namna hiyo haliugusi. Australia, kwenye mpango uliokuja kujulikana kama Robodebt, mapato ya mwaka yaligawanywa sawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili na kulinganishwa na msaada ambao mtu alipokea. Aliyefanya kazi nusu mwaka na kukaa bila kazi nusu nyingine akaonekana kama alikuwa na kipato mwaka mzima, akatumiwa deni. Kugawanya kulikuwa sahihi kihesabu. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kurudisha dola za Australia milioni 721, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake Julai 2023. Mfano mmoja wa kibarua wa msimu, ukiwekwa kwenye majaribio mapema, ungeuliza swali ambalo jedwali lisingeweza kujibu.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha toleo jipya, liendeshe kimya pembeni ya la zamani kwa mwezi mmoja: maombi yale yale, majibu mawili, la zamani ndilo linalotumika. Kila asubuhi chapa orodha ya maombi ambayo majibu yake yametofautiana na umpelekee ofisa anayeijua kanuni, si mwandishi wa programu. Orodha ikizidi ukurasa mmoja, usisome yote. Yapange maombi kufuatana na chanzo cha tofauti, na anza na waliozaliwa 01/01.